Dell OptiPlex 7060 na GTX 1650: miezi saba ya gemu hapa Kisumu kwa bajeti ya 60,000

Kama unajiuliza kama hii kompyuta ya ofisi iliyotumika inafaa gemu na huna muda wa kusoma yote, jibu ni nunua, lakini hakikisha ni tawa (ile keisi kubwa ya kusimama) na sio ile nyembamba, na kadi ya grafiki uione ikifanya kazi mbele ya macho yako kabla hujatoa shilingi. Mengine yote ni maelezo, na maelezo ninayo mengi juu hii kitu imenisumbua karibu mwaka mzima.

Nilikuwa na 60,000, nimeiweka polepole, na hiyo pesa ilitakiwa itoe kompyuta pamoja na monita maana nyumbani hatukuwa na chochote, mdogo wangu alikua anacheza kwa simu tu. Mpango wa kwanza ulikua vitu vipya. Nilitaka Ryzen 5 5600G, ile prosesa ya AMD ya 2021, kori 6 (sehemu za kufanya kazi kwa wakati mmoja) na grafiki ya Vega imo ndani yake kwa hivyo unaweza kuanza bila kadi halafu uongeze baadaye. Nikazunguka duka mbili hapa mjini, nikapigia moja ya Nairobi, nikajumlisha prosesa, mazabodi, RAM mbili za 8GB, SSD, keisi na pawa saplai ya kuaminika (pawa saplai usinunue ile ya bei ya chini kabisa, ikiungua inaenda na wenzake) na nikafika 62,000 bila monita. Bado naona hiyo ndio njia nzuri kwa mtu mwenye 80,000 hivi, juu unaweza kubadilisha kitu kimoja kimoja kila mwaka. Mimi sikuwa nayo.

Ndio nikaingia kwa hizi mashine za ex-UK, zile ofisi za huko zinaachana nazo baada ya miaka michache zinakuja huku kwa makontena. Ziko kila mahali, Kisumu, Nakuru, Kakamega, ata Bungoma utapata duka. Shida ni kwamba muuzaji atakwambia "bosi hii ni core i7" na hapo watu wengi wanatoa pesa. Angalia namba. i7-4770 ni jenereshoni ya 4, ya 2013, inatumia DDR3, RAM ya kizazi cha zamani, na jina la i7 halitakusaidia. Ile namba inayofuata kistari ndio jenereshoni, kwa hivyo i5-6500 ni ya 6 na i5-8500 ni ya 8, na hapo kwa 8 ndio mstari umechorwa kwa sababu Windows 11 inakubali rasmi Intel kuanzia hapo. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Tena i5 za 6 na 7 zina kori 4, ya 8 ina kori 6, na kwa gemu za siku hizi hizo kori mbili unazisikia kabisa. Tofauti ya bei kwa duka nililonunua ilikua kama 8,000. Lipa hiyo 8,000.

Yangu ni OptiPlex 7060 tawa, i5-8500, RAM ya 8GB kijiti kimoja, SSD ya 256, kwa 27,000 na nikaongezewa kibodi na mausi. Kulikuwa na ile nyembamba ya 7060 hiyo hiyo kwa 23,500 na nilikaribia kuichukua juu inapendeza kwa meza. Nashukuru sikuichukua. Ile nyembamba inaingia kadi za kimo kifupi tu, hizo ni chache na muuzaji anajua ni chache. Tawa inaingia kadi ya kawaida ya feni moja bila kusukumana.

Sasa kadi, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo nilipoteza pesa. Pawa saplai ya hii tawa ni wati 260 na haina ule waya wa ziada wa kulisha kadi. Sloti yenyewe ya PCIe, pale kadi inapochomekwa, inatoa hadi wati 75, basi. Kwa hivyo kadi yoyote inayotaka waya umeshaitoa kwa orodha, na mtu akikushawishi uchukue RX 580 ya 8GB kwa sababu ni bei rahisi, mwambie RX 580 inakula wati 185 na inataka waya wa pini 8, utaiweka wapi? Na usifikirie utabadilisha pawa saplai uweke yoyote ya dukani, kwa hizi Dell kichwa cha waya kinachoingia kwa mazabodi sio kile cha kawaida cha pini 24, utahitaji adapta, na saa hio umeshaanza kutumia pesa ambayo ingekununulia kadi bora.

Zinabaki chache. GTX 1050 Ti ya 2016, GTX 1650 ya 2019, RX 6400 ya 2022. Hiyo RX 6400 ni mpya zaidi na inakula wati 53 tu lakini imejengwa na njia nne tu za kupitisha data kwa PCIe, na kwa mashine ya toleo la zamani, PCIe 3.0, kama hii inapoteza nguvu ambayo umelipia. Mimi kwanza nilienda na 1050 Ti. Niliipata mtandaoni kwa mtu aliyesema yuko mji mwingine, 9,000, picha safi, boksi safi, ikaja na basi. Nikaiweka, skrini ikawaka, nikafurahi. Halafu draiva (programu ya kuendesha kadi) ikakataa kuingia, nikajaribu tena, skrini ikawa nyeusi. Nikashinda siku tatu nikilaumu Windows. Siku ya nne nikafungua GPU-Z, ile programu ndogo ya bure ya kusoma kadi, na mbele ya jina la kadi kulikuwa kumeandikwa FAKE. Hii programu tangu 2018 inatambua kadi za NVIDIA zilizobadilishwa bayosi, ile programu ya ndani ya kadi. Ndani ilikuwa GTS 450, kitu cha 2010, imebandikwa jina la 1050 Ti ili Windows idanganyike. Na dalili ilikuwa mbele yangu siku ile nafungua boksi, ilikua na tundu la VGA, lile la bluu, na 1050 Ti halisi kwa kawaida haina hilo tundu. Muuzaji alisoma meseji, hakujibu, halafu namba ikazimwa. 9,000 ikaenda. Iliniuma juu ilikuwa pesa ya kijana wa shule kwa sehemu, mdogo wangu alikuwa ametoa 3,000 yake ya kulisha kuku.

Kwa hivyo kadi ya pili nilienda kwa miguu. Kuna duka ghorofani, unapanda ngazi nyembamba kando ya Oginga Odinga Street, anauza mama mmoja na ana fundi kijana. Walikuwa na GTX 1650 iliyotumika, 4GB, feni moja, 16,500. Nilibeba tawa yangu kwa tuktuk nikaiweka kwa kaunta yao na nikaomba tuiwashe na kadi ndani. Fundi akaniangalia.

"Omera, kwani hutuamini?"

"Nakuamini fundi, lakini kadi siijui."

Yule mama akasema mwache ajaribu, akitoka hapa ameridhika hatarudi na kelele. Nilikuwa na flashi yenye GPU-Z na FurMark, ile programu ya kuichosha kadi. GPU-Z ikasoma TU117, chipu ya 1650 halisi, kori 896, hakuna neno FAKE. FurMark tukaiacha dakika 20, joto likapanda likasimama nyuzi 74, hakuna vidoti wala mistari kwa skrini, feni haikukwaruza. Tukaangalia kama ina mahali pa waya wa pini 6 maana kuna 1650 zingine zinakuja nao, yake haikuwa nao. Nikalipa, nikaandikiwa risiti yenye serial namba ya kadi na waranti ya mwezi mmoja. Mwezi mmoja sio mrefu, lakini uko kwa karatasi.

Na kuna sababu nyingine sasa hivi ya kuacha 1050 Ti na hata 1060 ambayo watu wanaisifu sana. NVIDIA waliacha kutoa draiva mpya za gemu kwa kadi hizo za familia ya Pascal Oktoba 2025, zimebaki marekebisho ya usalama tu. 1650 ni Turing, familia mpya zaidi, bado inapata.

Prosesa ni ya wati 65, kadi 75, hiyo ni 140, weka SSD na feni na RAM bado uko mbali na 260. Mimi sijawahi kuona ikizima yenyewe.

Gemu zinakaa vipi? GTA V kwa 1080p na setingi za juu nyingi inakaa fremu 70 hivi kwa sekunde, mjini inashuka lakini sio chini ya 55. FC 24, ile ya mpira, inakaa 60 bila kutetemeka na hiyo ndio mdogo wangu anajali, lakini jipange na diski, inataka 100GB, kwa SSD ya 256 yenye Windows ndani utaweka gemu moja na nusu. Ndio maana niliongeza NVMe (SSD ya kasi zaidi) ya 512 kwa 5,000, mazabodi ina sloti yake ya M.2 tayari. Valorant inapita 144 rahisi ata kama monita yangu ya inchi 22 inaonyesha 60 tu, na kwa Windows 11 Valorant inadai TPM 2.0 na Secure Boot, kinga za usalama za kompyuta, vyote viko kwa hii mashine, ni kuingia bayosi ya mashine kuwasha. Cyberpunk 2077 nilijaribu setingi za chini na FSR (inakuza picha ndogo ili fremu ziongezeke) nikapata 35, inachezeka ukiwa na subira lakini 4GB ya kadi inajaa na unaona kuta zikichelewa kuvaa rangi. Kama unataka gemu kubwa za mwaka huu, hii sio mashine yako na sitakudanganya.

Kitu kimoja kilinishangaza ni RAM. Wiki mbili za kwanza nilicheza na kijiti kimoja cha 8GB na FC ilikuwa inakwama kila kona ikipigwa, nikadhani ni kadi. Nikaongeza kijiti cha pili cha 8GB, 3,200 wakati huo, kukwama kukaisha siku hiyo hiyo. Vijiti viwili vinafanya kazi kwa njia mbili sambamba, kimoja njia moja. Na usilipie RAM ya kasi ya 3200, hii prosesa inaishia 2666 na mazabodi ya Dell haikupi nafasi ya kuongeza. Bei ya RAM imepanda vibaya tangu mwisho wa 2025 kwa hivyo sasa hivi tafuta mashine inayokuja na vijiti viwili tayari, usitegemee kuongeza kesho.

Joto. Sisi tuko upande wa Nyalenda, mchana ndani ya nyumba ya mabati unajua vile inakua, na hii keisi ya ofisi haikujengwa kupumua. Prosesa ilikuwa inafika nyuzi 88. Nikafungua, pesti ya zamani ya kupitisha joto la prosesa ilikuwa imekauka kama udongo, nikaipangusa na spiriti nikaweka mpya ya 300, ikashuka hadi 74. Kila mashine ya ex-UK fanya hivyo wiki ya kwanza. Halafu wale wadudu wadogo wa ziwa, jioni dirisha likiwa wazi wanafuata mwanga wa monita na wanavutwa na feni, nilitoa kiganja kizima mwezi wa tatu. Sasa nafungua na brashi ya rangi kila mwisho wa mwezi, na gemu za usiku tunafunga dirisha ata kama ni jasho.

Stima ndio ilinitoa nje ya bajeti. Tawa 27,000, kadi 16,500, RAM 3,200, NVMe 5,000, monita 7,500, pesti 300, hiyo ni 59,500 na nilikuwa najipongeza (ile 9,000 ya kadi feki siihesabu hapa, ilitoka pembeni na bado inauma). Halafu stima ikaenda ikarudi mara tatu ndani ya dakika moja, NVMe ikagoma kusoma hadi nikaweka Windows upya. Nikakopa nikanunua UPS, ile betri ya kushikilia stima ikipotea, ya 650VA kwa 6,500. Haikupi muda wa kumaliza mechi, inakupa dakika za kuzima vizuri. Kwa kucheza saa tatu, pamoja na monita, mita inakula kama nusu uniti.

Malalamiko yangu kwa mashine yenyewe: haina WiFi, nilitumia waya wa mtandao kutoka kwa ruta na ukishindwa kuna kile kidude cha USB. Matundu ya nyuma ni DisplayPort, na monita za bei yetu nyingi ni HDMI na VGA, lakini kadi ina HDMI kwa hivyo hiyo inaisha, mradi uchomeke waya kwa kadi na sio kwa mazabodi. Mdogo wangu alitumia adapta akachomeka kwa mazabodi akacheza wiki nzima na grafiki ya Intel akiniambia kadi yangu ni mbaya.

Sloti mbili za RAM bado ziko wazi. Yule mama wa ghorofani ananiambia nimpigie Ijumaa mzigo ukifika, na mdogo wangu ameshauza majogoo wawili.