TAHADHARI: Anayeuza swichi za KVM za monita mbili hapa Arusha ni tapeli, msimpe hela

Wana Arusha, na nyie wa Moshi pia maana huko anatuma kwa basi, kama kuna mtu amewaambia ana swichi ya KVM ya monita mbili kwa laki tatu na themanini, hiyo hela isimamisheni kwanza. Nimepigwa. Nimepigwa mchana kweupe, dukani, nimesimama mbele ya mtu ninayemfahamu, na hapa naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Jina lake na la duka siliweki, nimeshafungua jalada polisi na nimeambiwa nisimtaje mtandaoni hadi aitwe, ila duka liko kule kuzunguka Soko Kuu, ghorofani, na wengi wenu wenye ofisi za utalii mnamjua maana ndo anawatengenezea printa.

Kwa wasiojua, KVM ni kiboksi unachopachika kompyuta zako mbili huku, monita na kibodi na mausi kule, ukibonyeza kitufe vyote vinahamia kompyuta nyingine bila kuchomoa hata waya mmoja. Meza yangu mmeiona wengi, na siku hizi ndo kabisa sina namna, kazi zote nafanyia nyumbani. Laptopu ya kampuni haitakiwi kuchanganywa na desktopu yangu ya hesabu, na msimu huu kila mgeni anataka kuona nyumbu wakivuka mto Mara, kila mgeni anataka kambi ile ile tarehe ile ile, basi nashinda nachomoa waya wa HDMI, ule wa picha, huku napachika kule, nachomoa kibodi, mausi, hedifoni za kuongelea na wageni, hadi tundu la HDMI la laptopu limeanza kulegea. Na laptopu sio yangu, likifa hilo tundu nalipa mimi. Ndo nikatoa ile hela ya kikoba, wenzangu wa kikoba mnajua ilikuwa ya nini.

Sasa sikilizeni alivyonifanya.

Nimefika dukani, mezani kwake kaweka monita mbili, chini desktopu, pembeni laptopu, na katikati kiboksi cha chuma cheusi, kizito, nyuma kimejaa matundu, kina adapta yake ya umeme. Kabla hata hajaniambia bei akaanza kuniuliza maswali. Dada angu monita zako zinaingia HDMI au DisplayPort? Za hertzi ngapi? Laptopu ina HDMI ngapi? Nikamwambia moja. Akasema basi haitoshi, kila kompyuta lazima itoe nyaya mbili za picha na moja ya USB, sasa hilo tundu la USB Type-C la laptopu linatoa picha au linachaji tu? Sikuwa najua, akaniambia pigia mtu wa IT wa kampuni yenu umuulize hapa hapa nikiwa nasikia. Nikapiga. Jamaa wa IT akasema inatoa. Yule bwana akatikisa kichwa, akasema vizuri, sitaki uje unilaumu dada. Niambieni, nani asingemwamini mtu anayeuliza hivyo? Wauzaji wangapi hapa mjini wanakuuliza kitu kabla ya kukuuzia?

Halafu akafanya kitu ambacho ndo kinaniuma kuliko hela yenyewe. Akanyanyuka akachukua kwenye shelfu kiboksi kidogo cha plastiki, akakigeuza nyuma akanionyesha kwa kidole. Akasema, "Hii naiuza elfu hamsini. Ona, HDMI mbili za kuingia, mbili za kutoka. Mtu akiona za kutoka ziko mbili anajua ndo monita mbili, kumbe inagawa picha moja mara mbili, utaona kitu kile kile kushoto na kulia. Mtu kama wewe siwezi kukuuzia hii." Akairudisha kwenye shelfu. Mimi nimesimama pale namshukuru. Namshukuru kabisa kwa mdomo wangu!

Akawasha ile ya chuma. Monita ya kushoto ina jedwali la Excel, ya kulia kuna mpira. Akabonyeza Scroll Lock mara mbili kwenye kibodi, zote mbili zikahama kwa pamoja, huku imekuja imeili, kule ramani. Akarudisha, jedwali liko pale pale lilipokuwa, mpira pale pale. Akanieleza kwamba nyingine ukihama kompyuta inadhani monita imechomolewa, basi madirisha yote yanakimbilia skrini moja yanarundikana, ila hii inaidanganya kompyuta kwamba monita bado ipo. Nikaomba nijaribu mwenyewe. Nikajaribu. Nikahamisha, nikarudisha, nikaandika jina la mwanangu kwenye kompyuta moja na nyingine, ikafanya kazi vizuri sana.

Nikasema nipe hii hii. Akasema hapana dada hii ni ya kuonyeshea, imeshashikwashikwa na kila mtu, subiri nikuletee ya boksi. Akaingia nyuma ya pazia. Chalii wake akaniletea kiti na soda. Akakaa kule nyuma muda, akatoka na katoni imevalishwa nailoni, juu stika inayong'aa, picha ya monita mbili na maandishi makubwa. Nikaipokea, nzito kama ile niliyoishika. Nikataka kufungua, akanizuia mkono taratibu, akasema dada hiyo seal ukiitoa hapa waranti inaanza kuhesabika leo, kaitoe siku unayofunga. Nikalipa kwa lipa namba, jina likaja la mtu mwingine, akasema ya duka inasumbua, hiyo ni ya bro wangu. Risiti akaandika kwa mkono, eti mashine ya EFD, ile ya risiti za TRA, imeishiwa karatasi.

Nyumbani Sakina, watoto wamelala, nafungua. Katoni kubwa, ndani sponji nyingi, katikati kiboksi kidogo cha plastiki. HDMI mbili za kuingia, mbili za kutoka. Ile ile! Ile ile aliyonishikia mkononi akaniambia hawezi kuniuzia. Hamna adapta, hamna chochote. Nikasema labda naona vibaya, nikapachika. Kushoto imeili, kulia imeili. Kompyuta ukiiuliza inasema ina monita moja. Mausi inaburuta kama ina usingizi, nikaangalia setingi, picha ya 4K imekaa hertzi 30, yaani inabadilika mara 30 tu kwa sekunde. Ukihamisha madirisha yanarundikana, kamera ndo haionekani kabisa. Nikainua katoni tupu nikatupe, ikawa bado nzito. Nikang'oa sponji ya chini. Kuna bamba la chuma, limekatwa kwa msumeno, kingo bado zina makali, limegandishwa kwenye karatasi kwa gundi ile nyeupe ya kuyeyusha. Limewekwa pale ili mimi nikishika katoni nione ni nzito. Mtu amekaa, amekata chuma, amepima, amegandisha. Nikaibandua na ile stika ya juu, chini yake katoni imeandikwa splitter, yaani kigawa picha tu.

Kesho yake nikarudi nayo. Ile ya chuma haipo tena mezani. Dukani kuna wateja, kuna mama mmoja wa kanisani kwetu pia. Namweleza kwa utaratibu, ananijibu kwa sauti ya juu, "Dada, si uliomba ya monita mbili? Monita zote mbili haziwaki?" Nikamwambia zinaonyesha kitu kimoja, wewe mwenyewe ndo umenieleza hiki kitu hapa hapa. Akacheka. Akasema vitu vya kompyuta kama mtu huvielewi mtume mumeo. Mbele za watu. Nikatoa lile bamba la chuma nikaliweka mezani, akasema halijui, labda nimeweka mwenyewe. Akaonyesha karatasi ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nimeshuka zile ngazi macho yamejaa machozi na watu wananiangalia kama mimi ndo mwizi.

Na nyie mnaotaka kuandika hapo chini "ungefungua pale pale", shemeji ameshaniandikia hivyo tayari wakati yeye ndo alinipeleka kwa huyo mtu. Nimeuliza. Nimepiga simu. Nimejaribu kwa mikono yangu. UPS yangu, ile betri ya akiba ya kompyuta, alishawahi kuitengeneza kwa mkopo, nikamlipa kidogo kidogo, hajawahi kunisumbua. Mtu wa namna hiyo unamkaguaje kama mgeni wa njiani?

Nilipoweka stetasi usiku ule ndo akanitafuta kijana mmoja wa Moshi, ana studio ndogo, anatumia kompyuta mbili, ya kuhariri na ya kurekodi. Yeye hakufika hata dukani, alitumiwa video ya ile ya chuma ikihamisha monita, akatuma hela yote, mzigo ukaja kwa basi akaupokea stendi. Nikamwambia kabla hujanieleza zaidi ng'oa sponji ya chini. Akanipigia video call. Bamba lile lile, gundi ile ile. Kwa hiyo msiniambie walikosea katoni. Huyu mtu ana kiwanda cha kutuibia pale nyuma ya pazia.

Sasa mkitaka kununua hivi vitu popote pale, geuza nyuma uhesabu matundu. Kompyuta mbili kwa monita mbili lazima uone ya picha manne ya kuingia na mawili ya kutoka, kompyuta tatu iwe sita, hapo naongelea hizi za kawaida za HDMI au DisplayPort, kuna za Type-C zinapitisha picha zote kwenye waya mmoja lakini hizo ujue unachofanya, na kwa wenye MacBook Air ya M1 ile inatoa monita moja tu ya nje hata ununue KVM ya milioni, kwa hiyo uliza kwanza. Ukiona HDMI 1.4 ujue 4K yake inaishia hertzi 30, inayofika 60 ni 2.0. USB nayo iangalie, ya 2.0 kwa kibodi na mausi inatosha, ila diski ya nje utalia. Na muhimu, fungua katoni pale pale mbele yake, waranti gani inakufa kwa mteja kuangalia alichonunua? Akikataa toka. Jina la lipa namba likiwa la mtu mwingine toka. Risiti iwe ya EFD na iandikwe jina na modeli ya kitu, mimi yangu imeandikwa "computer accessories" tu, na polisi hicho ndo kitu cha kwanza walichoniuliza. Mengine nitakumbuka, sa hivi kichwa kinauma.

Ila mimi sitaki iishie kwenye kuambiana tuwe makini. Kwa nini sisi ndo tuwe makini kila siku na yeye anafungua duka asubuhi anamwagilia maji mlangoni kama mtu mwema? Nataka leseni yake ifutwe. Nataka TRA waende wakaiangalie hiyo mashine isiyo na karatasi, maana chalii anayeuza soda pale chini ananiambia haijawahi kuwa na karatasi. Nataka FCC, Tume ya Ushindani, waingie nyuma ya lile pazia wahesabu mabamba ya chuma, sheria yao ipo tangu 2003 na inakataza kumdanganya mlaji, basi itumike. Na akae ndani. Hela yangu arudishe na bado akae ndani, kwa sababu alijua. Alinieleza kwa mdomo wake ubovu wa kile kitu halafu akanifungia kile kile.

Aliyenunua kwake chochote kwenye katoni yenye stika inayong'aa, ng'oa sponji ya chini leo, piga picha kabla hujagusa kitu, tunza katoni, tunza meseji ya malipo. Nyie wa Moshi mliotapeliwa kwa simu, ile namba itumeni kwa meseji kwenda 15040, ndo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Halafu niandikieni inbox. Kijana wa studio anapanda Arusha Jumatatu, tunaenda wote kituo kikuu na mabamba yetu, na mpelelezi amesema tukiwa wengi anamwita siku hiyo hiyo.