Uzoefu wangu: siku moja Xi'an kwa Kaizari Jing na mbwa wake wa udongo

Natoa nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu ya chakula cha mchana na duka la vito, hayo nitayafikia. Lakini kama uko mji wa Xi'an, China, umebakiwa na siku moja, na kila unayemuuliza anakuelekeza kwa askari wa udongo wa Qin Shi Huang, kaizari wa kwanza wa China, nisikilize kwanza kabla hujaenda kubanana na ule umati.

Ziara niliyoichukua ni ya wafalme wa Han, nasaba iliyotawala China baada ya Qin, na wanyama wao, mkazo ukiwa kwenye mbwa. Kampuni ni ndogo, gari moja, watu wachache. Tulikuwa mimi na rafiki yangu tunaosoma hapa, wafanyabiashara wawili waliotoka Guangzhou kutafuta mzigo, na mama mmoja wa Mombasa aliyekuja kumtembelea mwanawe. Tulilipa kama yuan 600 kwa kila mtu: gari, tiketi, mwongozaji na chakula, vyote humo. Kwa huduma ya kikundi kidogo, bei hiyo naiona ya haki. Gari lilifika kwa wakati, safi, kiyoyozi kinafanya kazi, dereva hana fujo barabarani. Sina zaidi ya hapo la kusema kuhusu usafiri.

Mnapopelekwa hasa ni Hanyangling, kaburi la Kaizari Jing wa nasaba ya Han ya Magharibi, aliyetawala kuanzia mwaka 157 hadi 141 KK, na mkewe Malkia Wang. Liko kaskazini ya mji, upande wa kwenda uwanja wa ndege, na ujenzi wa barabara ya uwanja huo ndio uliolifichua: mwaka 1990 wajenzi walikutana na mashimo yaliyojaa sanamu. Kaburi lenyewe, yaani ule mlima wa udongo unaouona kwa mbali, halijafukuliwa. Kilichofunguliwa ni baadhi ya mashimo yanayouzunguka, na tangu 2006 yana jumba la makumbusho la chini ya ardhi. Jumba hilo peke yake lilirudisha pesa yangu.

Mlangoni unavalishwa mifuko ya plastiki juu ya viatu. Ndani taa ni hafifu, kuna ubaridi, na ghafla unagundua kwamba unatembea juu ya kioo na shimo liko chini ya nyayo zako. Mama wa Mombasa alisimama pale akashika mkono wa rafiki yangu, akasema hapandi juu ya kioo hadi aone mtu mzito kuliko yeye amepita. Akapita mfanyabiashara mmoja, mama akafuata.

Sanamu za watu ni ndogo, kama theluthi ya urefu wa mtu, ziko uchi na hazina mikono. Si kwamba zimevunjwa. Zilizikwa zikiwa na mikono ya mbao na nguo za hariri. Mbao imeoza, hariri imeoza, umebaki udongo. Ukizoea wale askari wakubwa wa Qin, hizi mwanzoni zinakukatisha tamaa. Vumilia, songa mbele hadi kwenye shimo la mifugo.

Hapo nilichuchumaa na sikutaka kuinuka. Kuna mbuzi, kondoo, nguruwe na mbwa, safu kwa safu, wamebanana kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni. Mbwa wapo wa aina mbili ukitazama vizuri: wengine mkia umekunjwa juu ya mgongo, wengine umeshuka chini kama wa mbwa mwitu. Mmoja aliyekuwa karibu kabisa na kioo changu alikuwa na masikio yaliyosimama, kinywa kimefungwa, na nyuma ya sikio moja rangi nyekundu bado imeng'ang'ania. Aliyemfinyanga alijua mbwa anavyosimama anaposubiri kuitwa. Ni miaka zaidi ya 2,100.

Mama akamuuliza mwongozaji moja kwa moja: "Mwanangu, hawa ni walinzi au ni kitoweo?"

Huyu dada aliyetuongoza ndiye sababu ya nyota tatu kati ya nne nilizotoa. Hakuzunguka. Alisema wote wawili. China ya kale ilihesabu mifugo sita: farasi, ng'ombe, kondoo, nguruwe, mbwa na kuku. Mbwa alilinda mlango, aliwinda na bwana wake, na pia aliliwa. Aliyewekwa katikati ya nguruwe na kondoo chini ya kaburi ni sehemu ya ghala la chakula la mfalme huko aendako. Halafu akatuonyesha kwa kidole upande wa kusini na kusema kwamba babu yake huyu Jing, Liu Bang, mwanzilishi wa nasaba, rafiki yake wa karibu Fan Kuai alikuwa mchinja mbwa huko Pei, kwao Liu Bang, kabla hajawa jemadari. Ilikuwa kazi ya bucha kama bucha nyingine.

Sehemu hii ya Liu Bang ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, nairudia hapa kwa kifupi. Alipokwisha kushinda vita, majemadari wake wakanung'unika kwamba Xiao He, msimamizi wake wa serikali ambaye hakuwahi kupigana, amepewa zawadi kubwa kuliko wao. Liu Bang akawauliza kama wanajua uwindaji. Anayemkimbiza sungura ni mbwa. Anayemwelekeza mbwa alipo sungura ni mtu. Ninyi mmefanya kazi ya mbwa, Xiao He amefanya kazi ya mtu. Wakanyamaza. Jemadari mwingine, Han Xin, alipokamatwa na mfalme huyohuyo, alitoa msemo uliokuwa ukijulikana tayari: sungura akishaisha, mbwa mzuri wa kuwindia huchemshwa. Miaka michache baadaye naye akauawa. Ukisikia hadithi hiyo huku umesimama juu ya safu za mbwa wa mjukuu wa Liu Bang, huhitaji mtu akufafanulie namna wafalme wale walivyowatazama watumishi wao.

Kwenye gari alituongezea ya Li Si, waziri mkuu wa Qin Shi Huang, kwa kuwa Xianyang, mji mkuu wa Qin, ilikuwa karibu. Mwaka 208 KK, akipelekwa kuuawa huko, alimgeukia mwanawe akamwambia kwamba anatamani watoke tena wote wawili na yule mbwa wao wa manjano, wapite lango la mashariki la Shangcai, mji wa kwao, wakakimbize sungura. Lakini itawezekana wapi tena? Mtu aliyesaidia kuiunganisha China nzima, na alichokikumbuka mwishoni ni mbwa. Rafiki yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa kwenye simu, aliiweka mfukoni.

Na Confucius, yule mwanafalsafa wa kale, pia yumo. Mbwa wake alipokufa alimwagiza mwanafunzi wake Zigong akamzike, akaeleza kwamba watu huhifadhi mapazia makuukuu ya kuzikia farasi na vifuniko vikuukuu vya gari vya kuzikia mbwa. Yeye alikuwa maskini, kifuniko hana, basi atumie mkeka, ili kichwa cha mbwa kisizame kwenye udongo. Mama wa Mombasa alitikisa kichwa. Kwao pwani mbwa analala nje, na mate yake yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini alikubali kwamba kumzika kwa adabu mnyama aliyekulinda si jambo baya.

Mpaka hapo ziara ni ya nyota tano. Inapoyumba ni wanapotaka kuingiza China nzima ndani ya siku moja. Dada alitoa kitabu cha picha akaanza kuruka. Nasaba ya Shang, ya kale kuliko Han, huko Anyang, ambako mbwa walizikwa kwenye kishimo chini ya jeneza: kaburi la malkia Fu Hao, lililofukuliwa mwaka 1976, lilikuwa na watu 16 waliotolewa kafara na mbwa 6. Halafu Kaizari Ling, karibu mwisho wa Han, aliyewavika mbwa kofia na mishipi ya maofisa kwenye bustani yake Luoyang, wakati huohuo akiuza vyeo vya serikali kwa fedha taslimu. (Hili nililipenda. Maofisa wenyewe bila shaka hawakulipenda.) Halafu Gao Wei, kaizari wa Qi ya Kaskazini, aliyewapa mbwa na farasi vyeo rasmi. Kisha Kaizari Huizong wa Song, aliyezaliwa mwaka wa mbwa kwa kalenda ya Kichina; akatokea ofisa wa kumshauri apige marufuku uchinjaji wa mbwa mji mkuu, na marufuku ikatolewa. Kisha Kaizari Yongzheng wa Qing, aliyetawala kuanzia 1722 hadi 1735, ambaye kumbukumbu za karakana za ikulu zinaonyesha akiagiza mwenyewe nguo za mbwa wake, mmoja avae kama chui milia, na akizirudisha nguo zirekebishwe zisipomridhisha.

Kila moja ni tamu, sikatai. Ila mtu hawezi kumeza miaka elfu tatu kati ya choo na maegesho. Mimi ningekata nusu ya hizo, nibakishe Han, na dakika zilizookolewa niziache kwenye shimo la mifugo, ambako tuliharakishwa. Kuna mengi pale ambayo tuliyapita tu, kwa mfano mabaki ya chai yaliyotoka kwenye kaburi hili, ambayo watafiti waliyatangaza mwaka 2016 kuwa ya kale kuliko chai yoyote iliyokuwa imepatikana hadi wakati huo. Nimelijua hilo baadaye kwa kusoma mwenyewe.

Sasa malalamiko. Wakati wa kulipia niliandika wazi kwamba baadhi yetu ni Waislamu na tunahitaji mgahawa wa halali. Wakajibu sawa. Xi'an ina Waislamu wa kabila la Hui wa karne nyingi, kuna Msikiti Mkuu katikati ya mji na migahawa yao yenye maandishi ya Kiarabu mlangoni huwezi kuihesabu, kwa hiyo si ombi gumu. Mchana dereva akatushusha kwenye mkahawa wa kando ya barabara ambako karibu kila sahani ilikuwa na nguruwe. Mama alikula mayai ya kuchemsha na tikiti maji. Dada alipiga simu ofisini, akaona haya kwa niaba yao, na jioni tukarudishiwa sehemu ya pesa ya chakula. Nashukuru walirudisha, lakini mama alishinda na njaa.

Baada ya hapo tukapelekwa kwenye duka la vito vya jade ambalo halikuwa kwenye ratiba. Wauzaji wanakufuata meza kwa meza. Hatukununua, na niliona dereva amenuna. Ukiandikiwa ratiba, uliza kabla ya kulipa: kuna kituo cha kununua vitu? Wakijibu kwa kuzunguka, jua kipo.

Swali ambalo najua wengi mtaniuliza: je, bado wanakula mbwa? Mama aliliuliza kabla yangu, na dada alilijibu kwa utulivu. Wapo wanaokula, zaidi kwenye baadhi ya majimbo, na Wachina wengi hawali kabisa. Mwaka 2020 Wizara ya Kilimo ilimwondoa mbwa kwenye orodha ya mifugo, na mji wa Shenzhen ukapiga marufuku kula nyama ya mbwa na paka kuanzia Mei mwaka huo. Kisha akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mwaka 2010 wakati wa kupanua uwanja huuhuu wa ndege wa Xi'an kulifukuliwa chungu cha shaba chenye mchuzi wa mifupa wa miaka kama 2,400, na mifupa ilipopimwa ikaonekana ni ya mbwa. Nilipenda kwamba hakutuficha. Waongozaji wengi niliowahi kukutana nao hapa hukimbilia kusema "hizo ni porojo za wageni" na mjadala unafungwa. Huyu alitoa na picha ya mbwa wake wa nyumbani, mdogo, manyoya ya kusokotana, amevalishwa koti la baridi lenye vifungo. Mfanyabiashara mmoja akamwambia huyo naye ni wa ukoo wa Yongzheng. Tulicheka hadi tukafika mjini.

Nani aende? Anayependa historia ya watu na wanyama wao kuliko historia ya vita. Wanafunzi wenzangu mliopo Xi'an, mkiwa na wazazi wanaokuja kuwatembelea, hapa hakuna kupanda ngazi nyingi na hakuna kusukumana. Anayetaka picha kubwa ya kutundika ukutani aende kwa askari wa Qin, hapa mwanga ni mdogo na kioo kinarudisha taa ya simu. Watoto wanafurahia kutembea juu ya kioo kwa muda fulani, kisha wanachoka na maelezo.

Beba pasipoti yenyewe, si picha yake, maana tiketi zinatolewa kwa jina. Beba koti hata kiangazi. Omba mwongozaji anayezungumza taratibu, na mwambie mapema kwamba mnataka saa nzima kwenye mashimo, si dakika ishirini. Chakula chukueni chenu. Na kama una ndege jioni, waulize wakushushe uwanjani, ni karibu na kaburi. Mmoja wa wale wafanyabiashara alishushwa bila kuongezwa bei, na sanduku lake lilishinda kwenye buti salama.