Matembezi ya vifaru Ziwa, Nakasongola: anza na rundo la kinyesi

Wageni wengi wa Hifadhi ya Vifaru ya Ziwa, nchini Uganda, hutaka picha ya kifaru na ndama wake, basi. Picha utaipata. Lakini utamu wa matembezi haya uko chini, kwenye marundo ya kinyesi. Mwambie renja kabla hamjaondoka kwamba mnataka kusimama kwenye rundo.

Vifaru hawa ni weupe, wanaokula nyasi, kwa hiyo kinyesi chao hakina vijiti kama cha kifaru mweusi. Majike na madume wasio na milki, yaani eneo wanalolitawala, nao hutumia rundo hilohilo la dume mwenye milki. Tofauti iko kwenye mateke: dume mwenye milki akishamaliza haja, hukipiga kinyesi kwa miguu ya nyuma mpaka madonge yapasuke na kutawanyika, na harufu inamganda nyayoni. Tazama katikati ya rundo. Ukiona ardhi imekwaruzwa na kinyesi kimetifuliwa, hapo amepita mwenyewe. Mkojo nao una siri yake. Mwenye milki huurusha kinyumenyume kwa mikupuo mifupi juu ya vichaka. Dume wa chini hukojoa kawaida tu. Mwenye milki akishindwa vitani huacha kurusha mkojo na kutawanya kinyesi, hata akiendelea kuishi palepale. Na akikatiza eneo la jirani kwenda kunywa maji, harushi hata tone.

Renja wa Ziwa huwafuata vifaru usiku na mchana, hivyo wanajua nani ni nani. Waulize dume gani anatawala upande mliopo. Uganda ilipoteza vifaru wake wa porini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanne waliletwa Ziwa kutoka Kenya mwaka 2005, wawili Marekani mwaka 2006, wakaanzia kwenye ardhi ambayo haikuwa na harufu ya kifaru yeyote. Kila mpaka utakaoonyeshwa umewekwa tangu hapo.

Nenda asubuhi. Mvua kubwa husambaratisha marundo, na harufu hufifia, ndiyo maana dume haachi doria zake. Kifaru haoni mbali ila pua yake ni kali: acha manukato, na mwendeeni upepo ukitoka kwake kuja kwenu. Dondosha vumbi kidogo uone linapeperukia wapi. Vaa suruali ndefu na buti, miiba ipo. Kutoka Kampala shika barabara ya Gulu, kisha uchepuke Nakitoma.