Kaunta buku la kwaya tatu: nimemaliza mawili, niko la tatu

Ndiyo, nazungumzia daftari la wanafunzi. Lile gumu jeusi lenye mgongo mwekundu wa kitambaa, ambalo wazazi hulitafuta kila Januari. Muuzaji wa Kariakoo aliniuliza mwanangu yuko kidato cha ngapi. Nikamwambia ni langu mwenyewe. Akanitazama kidogo, akasema, "Basi dada yangu chukua kwaya nne kabisa, usije ukarudi kesho." La kwaya nne lina kurasa 384 na ukilibeba kwenye mkoba bega linalalamika. Nikachukua la kwaya tatu, kurasa 288, kwa elfu tano na mia tano. (Kwaya hapa si ya kanisani. Kila kwaya ni kurasa 96.)

Mimi ni mwandishi wa kukodiwa: michezo ya redio, maneno ya matangazo, na usiku hadithi zangu ambazo hakuna anayezilipia. Kabla ya kaunta buku nilipewa zawadi ya dayari ya ngozi, kila ukurasa una msemo wa kunitia moyo na visanduku vya kujaza: umekunywa maji glasi ngapi, leo unashukuru nini. Nilijaza siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nililala na nguo, na asubuhi vile visanduku vitupu vikanikodolea macho kama mwalimu wa zamu. Sikuifungua tena. Kaunta buku lina mistari tu, halikuulizi umelalaje.

Ninavyolitumia ni kama tulivyofanya shuleni, mbele notsi, nyuma mambo yako. Mbele naandika kazi. Naligeuza juu chini, na kuanzia nyuma najiandika mimi: nimelala saa ngapi, nimetembea mpaka Barakuda au nimejidanganya, presha yangu kila Jumamosi pale duka la dawa. Daktari wa zahanati ndiye aliyenianzishia hili la presha, baada ya kipimo kusoma 150 kwa 95 na mimi kumweleza kwamba nina haraka, kuna kazi ya watu inaningoja.

Pande mbili zinasogeleana mpaka zinakutana. Daftari la kwanza zilikutana mwezi wa kumi: kazi kurasa 241, mimi 47. Nilikaa kitandani nikahesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Kuna jambo moja ambalo sikujua niliandike upande gani. Kampuni moja ya kubeti ilitaka matangazo kumi na mawili ya redio kwa milioni moja na nusu, yaani kodi yangu ya miezi mitano. Mwezi huohuo mkeka wa kubeti wa mdogo wangu ulikuwa umechanika, na ada yake ya chuo ikaenda nao. Nikaanza mbele, kama kazi nyingine. Niliandika matatu, na yalikuwa mazuri, hilo ndilo lililoniuma. Lile la pili nililiimba nikiosha vyombo. Kisha nikaligeuza daftari, nikaandika kule nyuma: "Likipigwa redioni naye amekaa sebuleni, mimi nitatazama wapi?" Asubuhi nikawatumia ujumbe wa kukataa. Kodi ya mwezi uliofuata nilikopa kwa shangazi, na deni hilo amelidai kwa maneno kuliko kwa fedha. Kurasa zile tatu bado zimo. Sijazichana.

Sasa daftari lenyewe. Karatasi ni nyepesi. Peni ya kawaida ya bluu haina shida, lakini peni ya jeli inatokeza upande wa pili, ukirudi kusoma unakuta maneno yamepandiana. Jasho la mkono linavimbisha pembe za jalada. Cha muhimu kuliko vyote, kabla hujalipa lifungue katikati uone uzi. Lililoshonwa linalala wazi mezani lenyewe bila kukandamizwa. Lililogundishwa tu litakuaibisha. La pili nilinunua karibu na nyumbani kwa sababu lilikuwa na punguzo la elfu moja, sikuangalia uzi. Kufika Juni lilikuwa linapukutika. Karatasi yenye mazungumzo ya mke na mkwewe, onyesho nililohangaika nalo wiki nzima, ilianguka ndani ya daladala na kwenda zake Gongo la Mboto. Hilo la pili hata hesabu ya pande mbili sikuweza kupiga, maana sijui kilichopotea ni kazi au ni mimi.

Wenzangu wananiambia simu inafanya yote haya bure. Ni kweli, ila simu hiyohiyo ndiyo mteja anayonipigia saa nne usiku kuulizia "kale kabadiliko kadogo". Daftari halina chaji wala halilii.

Nalipatia nyota nne, ya tano nimeibania kwa sababu ya karatasi. La tatu nilinunua Septemba, uzi nimeuona kwa macho yangu, na dukani hakukuwa na foleni ya wazazi. Mbele niko ukurasa wa 31, nyuma 22. Nimelifunika kwa kalenda ya mwaka jana, upande mweupe nje.