"Unanunua nyumba au unanunua madafu?"

Nianze na neno lenyewe, maana mwaka na ushei umepita na bado likinijia usiku nageukia upande wa pili. "Mama, unanunua nyumba au unanunua madafu?" Hivyo ndivyo nilivyoambiwa na wakili niliyemlipa pesa zangu mwenyewe, mbele ya karani wake, na karani akacheka. Jina simtaji. Ofisi iko mjini, ghorofani, ngazi zake nyembamba, na kiti cha wageni kina mguu mmoja mfupi, basi unasikiliza mambo ya mamilioni huku unayumba.

Nilikuwa nanunua nyumba Fuoni, hapa kwetu Unguja, Zanzibar. Dalali alishaniletea wakili wake, ati ndiye huyo huyo anayemsimamia muuzaji, tutaokoa pesa. Hapo nilikataa, na kwa hilo najisifu mpaka leo. Wakili mmoja kashika mikono ya watu wawili, siku ya ugomvi atauachia upi? Nikauliza kwa walimu wenzangu skuli, mmoja akanipa namba ya huyu bwana, akanambia, "Mkali yule." Nikadhani mkali wa kazi. Na kazi kweli anaijua, nisimdhulumu. Siku ya kwanza tu alinieleza kuwa ardhi yetu tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ni ya Serikali, kwamba Sheria Namba 12 ya 1992 inampa mtu haki ya kuitumia, kwamba mauziano lazima yapite bodi ya uhaulishaji wa ardhi, yaani ya kuhamisha haki ya ardhi kwa mtu mwengine, si kupeana mkono barazani na mashahidi wawili mkasema basi. Alinisomea yote hayo kama anasoma Juzuu Amma, hakukosea herufi. Nikashuka ngazi zile najiona nimepata mtu.

Sasa njoo kwenye minazi.

Nilikwenda na mpima kuangalia mipaka. Jirani, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa amekaa barazani kwake anatutazama. Tulipomaliza akaniita. "Mwanangu, na minazi umeiulizia?" Minazi sita, mitatu nyuma ya jiko, mitatu upande wa barabara. Nikamwambia nanunua na vilivyomo. Akatikisa kichwa tu, akaendelea na tasbihi yake.

Mie nimezaliwa Pemba. Siwezi kusema sijui. Kwetu mti mbali na ardhi mbali. Mtu anaweza kuwa na mkarafuu wake juu ya ardhi ya mwenziwe na akafa akaurithisha, na zamani watu wakiweka mikarafuu rahani, ardhi haikuguswa. Babu yangu mwenyewe alikuwa na minazi miwili kwenye uwanja wa shemeji yake na hakuna aliyeona ajabu. Kwa hiyo swali la mzee lilinishika. Kesho yake, kabla ya vipindi vya mchana, nikapanda daladala mpaka mjini, nikapanda ngazi, nikakaa kwenye kiti changu cha kuyumba. Nikasubiri. Alipomaliza na simu yake nikamuuliza kwa adabu kabisa: je, kwenye mkataba tumeandika minazi? Na ni ya nani?

Ndipo akanijibu hilo la madafu.

Mtu huyu ni kijana. Umri wake ni wa wanafunzi wangu wa mwanzo mwanzo. Nimesomesha miaka 22, nimeulizwa maswali ya kijinga elfu, na sijawahi kumcheka mtoto mbele ya darasa. Nilitaka kumwambia hivyo. Sikumwambia. Nilicheka na mie! Hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuliko yeye. Nilicheka, nikasema "haya wakili", nikateremka. Mkataba ukaandikwa "nyumba pamoja na eneo lake", nikatia saini, sheha, kiongozi wa mtaa, akatia saini na muhuri, mashahidi wakatia saini. Minazi haikutajwa hata mmoja.

Nimehamia. Haukupita muda, asubuhi moja baada ya Alfajiri nasikia puu! Nikadhani mwizi karuka ukuta. Puu! tena. Natoka na leso kichwani, namkuta mkwezi yuko juu ya mnazi wangu, na chini Bi mmoja mkongwe, na mjukuu wake kashika kapu. Kuti limeangukia nguo nilizosahau kwenye kamba, na nazi moja imepasua mfuniko wa tangi la maji. Bi akaniangalia kwa upole kabisa. "Karibu mwanangu. Ndiyo wewe uliyenunua? Mie ndiye mwenye minazi."

Na wala hayakuwa madafu. Nazi zile, zimekomaa, za kukuna. Naliandika hili makusudi ili wakili akisoma ajue.

Kumbe yule Bi ni shangazi yao wauzaji. Baba yao alipewa kiwanja na marehemu babu, dada mtu akapewa minazi, na ikawa hivyo tangu hao watoto hawajazaliwa. Mtaa mzima unajua. Nikamfuata sheha nikiwa nimefura. "Sheha, wewe umetia muhuri!" Akanambia, "Mwalimu, nilitia muhuri wa nyumba. Minazi hukuniuliza." Nikakosa la kusema, maana kweli sikumuuliza. Nilimuuliza niliyemlipa.

Hapa mtu atasema basi, hukumu imeshatoka, wakili hafai. Nami kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimwambia kila mtu hivyo, harusini, matangani, kwenye foleni ya benki. Lakini nikikaa na nafsi yangu kuna jambo nalificha kila nikihadithia, na leo nitalisema.

Wauzaji walikuja kwangu watano: mama mjane, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike. Dalali akasema warithi ndio hao. Kaka mkubwa akasema ndio hao. Wakili akasema leteni karatasi ya mirathi ya Kadhi. Wakazungushazungusha, karatasi iko shamba, karatasi imelowa. Akagoma. Nilimkasirikia yeye, si wao, nikaona ananicheleweshea; tena alikuwa keshapoteza siku kwenda Kamisheni ya Wakfu kuhakikisha nyumba si ya wakfu, nikajisemea Fuoni wapi na wakfu wapi. Karatasi ilipokuja ina watoto watano, si wanne. Kuna dada yuko Maskati, kaolewa huko. Piga hesabu mwenyewe: mjane thumuni yake, fungu moja katika manane, kila mtoto wa kike thumuni, kila wa kiume thumuni mbili. Mafungu manane. Ningenunua nyumba iliyopungua thumuni, na siku dada akishuka na ndege angekuwa mwenzangu ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kisheria na kisharia. Wakili akataka hati ya uwakala kutoka kwa huyo dada, igongwe muhuri ubalozini kwetu kule Maskati, na mpaka ilipofika hakuniruhusu kutoa hata shilingi. Dalali aliacha kupokea simu zangu kwa hasira.

Kwa hiyo aliniokoa. Ndiyo. Aliniokoa na thumuni, akaniangusha kwenye minazi, na la minazi nilimwambia kwa mdomo wangu! La thumuni aligundua peke yake, la minazi nililipeleka mezani kwake likiwa limemenywa, akacheka. Hilo ndilo lisilonitoka. Kutojua ningesamehe.

Nilirudi kwake. Nilitaka kujenga jiko la nje na mnazi mmoja uko katikati, Bi hataki kuuza wala kukata. Karani akanikalisha tangu asubuhi mpaka adhana ya Adhuhuri. Niliingia na maneno yangu nimeyapanga. Akasikiliza yote, hakucheka safari hii, akaniuliza jina la Bi na idadi ya miti. Hakusema amekosea. Wiki ile ile akamwita Bi na mjukuu wake, akaandika makubaliano: minazi mitano inabaki yake na atakuja kuangua kwa kutoa taarifa, wa sita anauacha kwa fidia tuliyopatana. Yakasomwa kwa sauti, Bi akaweka dole gumba. Nilipofungua mkoba kulipa, karani akasema, "Wakili kasema usitoe kitu."

Labda hiyo ndiyo samahani yake. Mie naitaka kwa mdomo.

Juzi mdogo wangu kanipigia, anataka kununua kiwanja Dole, ananiuliza wakili gani nimpe kazi. Nilinyamaza kidogo. Nikampa namba ile ile. Nikamwambia kabla ya yote ahesabu miti, aandike, karatasi aipeleke mkononi, na akiulizwa swali la madafu anipigie mie hapo hapo, simu aiweke sauti ya juu.