Kisu cha loki ya kibati kimenikata, na muuzaji hakunipa hata pole

Nianze na lililoniuma zaidi, maana kidonda kitapona. Niliingia dukani mkono umefungwa bandeji, damu imepenya kitambaani, na yule kijana hakusema pole. Hapa Dodoma hata ukijikwaa barabarani, mtu asiyekujua atakupa pole. Yeye alitazama kisu, akatazama mkono, akasema: "Mzee, hicho ni kisu, siyo panga. Hujui kukitumia."

Mimi nimeshika kisu tangu nachunga mbuzi wa babu.

Ilikuwa msimu wa zabibu, ule wa mwanzoni mwa mwaka, shambani Hombolo. Mkasi alikuwa nao mke wangu, nikatoa kisu cha kukunja nilichonunua mjini kwa shilingi 15,000. Kina loki ya kibati: ukikunjua makali, kibati chembamba ndani ya mpini kinaruka pembeni na kuziba kitako cha makali yasirudi. Kikonyo cha kichala kilikuwa kigumu, nikakaza mkono na kuuzungusha. Ukikaza hivyo, nyama ya kidole cha shahada inakisukuma kibati upande ule ule ambao dole gumba hukisukuma ukitaka kufunga. Nilisikia "tik". Sijakaa sawa, makali yameshalala juu ya vidole viwili na zabibu zimegeuka rangi.

Usiku nilikimulika kwa tochi. Kibati kilikuwa kinagusa kitako cha makali kwa ukingo tu, upana wa uzi, na maji ya zabibu yameganda palepale. Sitaki kuonea mtu: mdogo wangu ana kisu cha loki hiyohiyo, kibati chake kinaingia vizuri nyuma ya makali, na hakijawahi kumgeuka. Kwa hiyo nikasema kosa ni la ufundi, si la aina ya loki.

Kuna loki ya mgongoni, kama ya Buck 110, kisu cha kukunja cha Marekani cha tangu miaka ya 1960. Jino linadondoka kwenye pengo nyuma ya makali, springi inalikandamiza. Niliwahi kuwa na cha kuigiza. Kilishika, ila kiangazi vumbi letu hili lilijaa kwenye pengo, jino likawa linakaa nusu, nalichokonoa kwa mwiba wa mgunga.

Lakini jirani yangu, mzee aliyewafanyia kazi mapadri zamani, ana Opinel, kisu cha Kifaransa cha mpini wa mti. Kisu chenyewe kipo tangu 1890. Pete yake ya kufungia ilibuniwa na Marcel Opinel mwaka 1955. Unaizungusha pete kwa vidole, inaziba mfereji ambao makali yangepitia kurudi. Basi. Hakuna kibati, hakuna jino. Nilikigonga mgongo kwenye nguzo ya mzabibu, vidole nimeviweka mbali, hakikutikisika. Masika mti unavimba na makali yanagoma kutoka, mzee anagonga kitako cha mpini mezani mpaka ncha ichomoze. Na usipoizungusha pete mwenyewe huna loki yoyote, mwenye haraka atasahau. Hayo nayakubali.

Ile kauli yangu kwamba kosa ni la ufundi tu, naifuta. Kila asubuhi nafunga vifungo vya shati kwa kidole kisichosikia kitu, na kila asubuhi naona wazi: kinachovilinda vidole hakifai kufunguliwa na vidole hivyohivyo vikikaza. Kwa kazi ya kukaza na kuzungusha mkono loki ya kibati siitaki tena, hata kiwe kisu cha bei gani. Mdogo wangu nimemwambia akiache. Amekataa, tumegombana.

Pesa sikurudishiwa. Kwa hasira nikakiacha kisu juu ya meza ya yule kijana. Alikifuta kwenye suruali yake, akafungua kabati la kioo, akakipanga pamoja na vipya, mimi nimesimama pale.

Kama umenunua mjini kisu cha kukunja cha mpini mweusi, chenye doa la zambarau karibu na skrubu ya juu, tafadhali usikatie kitu. Hicho ndicho changu.