Pinecil na waya nene za gari la rimoti: uzoefu wangu

Wakuu, nina hii Pinecil, chuma kidogo cha kulehemu cha USB-C, miezi kama minane sasa, na naitumia kwa kazi moja tu, kulehemu waya za gari langu la rimoti la mashindano la saizi 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari halisi), kwa hiyo kama wewe ni fundi simu utaona naongea mambo mengine kabisa.

Mwanzo nilikuwa na kile chuma cha kulehemu cha wati 30 cha kuchomeka ukutani, bei ya chipsi mayai, nikajiona fundi mpaka Jumapili moja gari likaruka, likatua, likazima palepale, nafungua nakuta waya wa mota umechomoka kwenye ESC (kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa mota), msafiii, lehemu imebaki kigololi haijashika kitu. Na nilikuwa wa pili aisee.

Basi nikaagiza Pinecil, dola 26 hivi bila usafiri. Siku ya kwanza nikaichomeka kwenye chaja ya simu, naweka 380, nagusa plagi ya betri ya XT60, digrii zinaporomoka na lehemu inakuwa uji. Nikailaani weee, kumbe kosa ni langu, hii kitu nguvu yake inategemea volti unazoilisha. Ncha yangu ni ya omu 8, ukiipa volti 12 unapata wati 18 tu, ukiipa 20 za chaja ya laptop ya USB-C unapata 50. Waya wa geji 12 unakunywa joto balaa, hata uandike 450 kama wati hazipo hazipo.

Nikabadilisha chaja, nikaweka ncha bapa badala ya ile ya kuchongoka, ikawa kazi nyingine. Sasa hivi napaka fluksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike), nanywesha waya lehemu peke yake mpaka iingie kwenye nyuzi, najaza na kikombe cha plagi, halafu naviunganisha sekunde mbili tatu natoa chuma, natulia, hakuna kupumulia wala kutikisa. Plagi naichomeka na mwenzake kwanza, plastiki ikilainika pini zisihame. Lehemu ni 63/37, yaani bati 63 na madini ya risasi 37 kwa mia, inayeyuka digrii 183 na ikipoa inaganda papo hapo. Ina risasi lakini, nawa mikono kabla hujashika chapati.

Ukibadilisha plagi ya betri ya LiPo (ya gari) usikate waya zote mbili kwa mkupuo, mkasi wenyewe unapiga shoti. Kata mmoja, lehemu, funika, ndio uende kwa mwingine.

Uwanjani kwetu umeme hamna, naiwasha Pinecil kwa betri ya 4S (seli nne) ya jamaa mwenye gari la 1/8, nguvu inashuka ila kwa dharura inatoboa.

Kilichobaki kunishinda ni kukumbuka kuvisha waya ule mpira wa kufunika unaosinyaa kwa joto kabla ya kulehemu. Jana nimefumua tena waya mbili.